Esha Aizamisha Mashua Ili Isiuzwe

Saa moja asubuhi maji yamejaa pwani ya Msambweni, na Esha Chirau ameketi ndani ya mashua yake huku bahari imemfika kiunoni. Mashua haijapinduka wala haijagonga mwamba. Ameishusha majini yeye mwenyewe pamoja na watu wa kumsaidia, akaiacha ivuje, na sasa amekaa humo ametulia kama mtu aliye barazani kwake.

Wanaume walioivuta wamesimama ufuoni. Mmoja wao anacheka mpaka anashika mbavu.

"Esha, toka! Hicho si chombo, hicho ni karai!"

"Karai nalijua mimi kuliko wewe," anajibu bila kugeuka. "Niacheni, inakunywa."

Kwa karai hadanganyi. Jioni Esha, mwenye umri wa miaka arobaini na mmoja, hukaanga viazi kando ya barabara hapa Msambweni, kazi inayompa kama shilingi mia saba siku ikiwa njema. Asubuhi zake zote, tangu mwaka jana, amezitoa kwa mashua.

Nyuma ya wale wanaume amesimama mdogo wake, Alamin, dereva wa tuktuk huko Kona ya Musa. Yeye hacheki. Anaigeuzageuza simu mkononi, na ndani ya simu ile mna namba ya mtu wa Diani.

Mtu huyo hununua vitu vya kale na kupamba navyo mahoteli. Alifika mwaka jana, akaikuta mashua imelala juu ya mchanga chini ya makuti, pale ilipowekwa tangu mwenyewe, marehemu mzee Chirau, baba yao, alipofariki. Enzi zake ilikuwa ikisafiri kwa tanga, ikibeba nazi na chumvi kutoka Vanga. Sasa jua lilikuwa limeikausha hata ukaweza kupenyeza kidole kati ya ubao na ubao.

Mnunuzi akaizunguka, akaipiga picha, akataja bei nzuri. Ingekatwa katikati. Nusu moja ingesimamishwa bustanini iwe kabati la chupa, na nusu ya pili ingelazwa iwe meza ya saladi.

"Nilikubali, sikufichi," anasema Alamin. "Ilikuwa yaoza pale. Kuna ubaya gani ikipata kazi?"

Ubaya ni kwamba ubavuni, kwa rangi ya kijani, mashua hiyo imeandikwa Maimuna. Hilo ni jina la mama yao, ambaye yu hai, na ulimi wake uko hai zaidi.

"Yaani mimi nikatwe katikati, wazungu wanichotee matango?" anasema Bi Maimuna, na macho hayacheki. "Wallahi sikubali."

Familia ikakaa kitako na kuafikiana. Esha aitengeneze. Ikielea kabla ya mfungo wa Ramadhani, ni yake. Isipoelea, lori la Diani lije.

Wengi walidhani anajisumbua bure, lakini Esha hakuanza gizani. Alikulia kwenye kazi hiyo. Wasichana wa nyumba ile ndio waliochambua pamba, wakaisokota na kuichovya katika mafuta ya nazi, kisha baba yao akaishindilia katika nyufa za mbao kwa nyundo na patasi butu iitwayo chembeu. Kazi hiyo ndiyo kutia kalafati. Alijua pia kumimina maji ndani ya chombo kikiwa bado mchangani, kutazama yanapotokea nje, na kuweka alama hapo kwa mkaa.

Basi akabadilisha mbao mbili zilizooza. Tanga akalitia viraka kwa cherehani ya jirani. Nyufa akazishindilia pamba moja baada ya moja, akipiga mpaka nyundo inamrukia.

Siku ya kuishusha mara ya kwanza, halikuingia hata tone la maji. Alamin alimpigia makofi dada yake. Esha akaenda kulala akiwa mwanamke mwenye chombo.

Kesho yake ukasikika mlio. Mbao zilikuwa zimekunywa maji na kuvimba, na kwa vile pamba ilikuwa imejaa pomoni, hazikupata pa kujinyoosha. Ubao mmoja ukang'oa misumari yake, ukafyatuka, na mashua ikaenda chini watu wakitazama.

"Nililia mbele za watu," anasema Esha. "Nikasema nirudi kwa viazi vyangu, haya mambo si yangu. Kilichoniuma ni kwamba sikuzembea. Ningelizembea ningejua pa kujilaumu."

Alipokosea alikuja kupaonyeshwa na mama yake, na tena kwa bahati tu, siku walipokuwa wakifua.

"Kwetu sisi, siku ya kushusha chombo wanawake hatuendi pwani," anaeleza Bi Maimuna. "Tuko jikoni, twawapikia wali wavutaji. Lakini nguo ni mimi niliyekuwa nikizifua. Baba yake akishusha chombo, siku mbili tatu hizo hurudi amerowa chumvi mpaka hapa." Anajigusa kiunoni. "Nikimuuliza, kwani ulikuwa ukiogelea? Asema, nimekaa naye, anakunywa. Nami nikidhani ni mzaha wake tu."

Esha aliacha nguo kwenye beseni. Siku hiyo hiyo akaenda Wasini kwa fundi Salimu, aliyefanya kazi na baba yake, akamweleza kisa chote. Fundi akacheka kwanza, kisha akamsikitikia.

"Ubao uliokauka hivyo hautiwi pamba kwa nguvu, mwanangu," alimwambia. "Watia laini, kisha kipeleke chombo majini kivuje, kijae, kikae. Ubao wenyewe utavimba uibane pamba. Hukuyaona haya kwa baba yako?"

"Nilikuwa jikoni," Esha akamjibu.

Hilo halimtoki akilini mpaka leo. Alijua kila kitu cha nchi kavu na hakujua hata kimoja cha majini, kwa sababu kila chombo kilipogusa bahari yeye alikuwa akipuliza moto.

"Simlaumu baba," anasema. "Ndivyo mambo yalivyokuwa. Lakini hujiuliza, ni mangapi mengine yalipita sisi tuko jikoni?"

Alimsihi Alamin ampe nafasi ya pili, na Alamin akampa kwa shingo upande, akisema hapana ya tatu. Mashua ikavutwa nchi kavu, Esha akaurudisha ubao na kutia pamba upya, safari hii laini. Ndiyo maana asubuhi hii ni nzito. Njia iliyo sawa na njia ya kushindwa, ukizitazama kutoka ufuoni, ni kitu kimoja. Mashua imejaa maji.

"Dada, imezama hiyo," Alamin anamwita. "Nimpigie?"

"Ngoja kesho kutwa."

"Na kesho kutwa ikiwa hivi hivi?"

"Nitampigia mimi mwenyewe."

Kesho kutwa mwandishi wa makala haya anarudi na kumkuta Esha anayatoa maji kwa karai, lile lile la viazi. Anachota na kumwaga, anachota na kumwaga. Alamin amefika mapema na tuktuk ameiacha juu barabarani. Hapana anayecheka leo.

Sakafu inaonekana. Esha anaweka karai chini na kusimama. Wanangoja. Maji hayarudi.

Alamin anavua viatu, anaingia, anapiga magoti na kupapasa nyufa kwa kiganja, upande huu na upande ule. Karibu na mkuku, ule mti mrefu wa chini unaobeba chombo kizima, mkono wake unatoka na unyevu. Anamtazama dada yake.

"Hilo ni jasho," anasema Esha. "Kesho litakuwa limekatika."

Alamin anajifuta mkono kwenye suruali, anatoa simu, na anapiga.

"Bwana, salamu. Ile mashua... Hapana. Hapana, hata ukiongeza. Tafuta meza kwengine."

Esha anajishika uso kwa mikono miwili. Ndugu yake anamwambia asilie tena mbele za watu.

Akishatulia, anaeleza anachotaka. Atabeba mwani wa kina mama wa upande wa Shimoni, na makuti ya kuezekea. Binti zake wawili watakuja siku zote za kushusha chombo, na wali utapikwa na mwenye nafasi.

Hapo Bi Maimuna anatokea kwenye njia ya minazi, sufuria mkononi. Wavutaji wanafurahi, wanaanza kunawa. Bibi anawapita, anamkabidhi Alamin sufuria.

"Shika. Leo pakua wewe."

Kisha anakunja buibui lake kidogo, anaingia majini mpaka magotini, na anamnyooshea Esha mkono.

"Mama, leo haiendi popote, tanga halijafungwa."

"Nimekuuliza yaenda wapi? Nipandishe."

Esha anampandisha. Bi Maimuna anakaa, anapapasa ubao alioketi, anatazama huku na huku katika mashua iliyobeba jina lake miaka yote hiyo.

"Kumbe ndani kuko hivi," anasema.