Mzee Aliyeangushwa Mkutanoni

Madam niliyemfanyia kazi za nyumbani Mirdif, mtaa wa Dubai, alikuwa Mwamerika mweusi, mwalimu wa historia. Siku ya kwanza aliponifungulia mlango nilimwamkia kwa Kiswahili, nikidhani ni mfanyakazi mwenzangu aliyetumwa kunipokea. Alicheka mpaka akashika ukuta. Wengine walikosea vibaya zaidi. Tulienda madukani Al Rigga kununua mabegi, muuzaji akatutazama sote wawili, akauliza, "Madam wenu yuko wapi?" Madam alipojibu kwa Kiingereza cha kwao, kiti kililetwa, chai ikaletwa. Hakuketi. Tukiwa garini akaniambia, "Hapa pasipoti yangu inanisaidia. Kwetu ninayo hiyohiyo, na hainisaidii kitu."

Sababu ya kuhama kwake nilikuja kuielewa polepole, tukikunja nguo. Alikuwa akifundisha katika mji mdogo wa kusini mwa Amerika, mji aliozaliwa. Mwaka mmoja aliwafundisha wanafunzi habari za mtu mweusi aliyenyongwa na kundi la watu mbele ya mahakama ya mji huohuo, enzi za mababu zao. Mzazi mmoja akalalamika kwamba mtoto wake amerudi nyumbani akijiona mkosaji kwa kuwa mweupe. Wahafidhina waliotawala jimbo lile walikuwa wameshapitisha sheria ya kuzuia masomo ya namna hiyo. Mgombea mmoja wa bodi ya shule, ambayo kwao huchaguliwa kwa kura, akabandika picha ya madam kwenye mabango ya kampeni, akiahidi kwamba walimu wa aina hii wataondoka. Akashinda. Madam akaambiwa aombe radhi. Akakataa, wakamfuta kazi. Shule moja ya Dubai ikamchukua, akaja na mumewe.

Baba yake hakutaka kuhama. Alikuwa dereva mstaafu wa basi la shule, na shemasi kanisani kwao. Kila Jumapili jioni alipiga simu ya video akiwa amevaa suti, kwa maana kwao ilikuwa ndiyo kwanza asubuhi, anajiandaa kwenda kanisani. Nikipita nyuma na sahani alinipigia kelele, "Binti wa Kenya, wanakulisha vizuri?"

"Wananilisha, baba," nilimjibu.

Siku zangu za mapumziko nilienda kwenye ushirika wa maombi wa Wakenya, katika chumba cha makazi ya wafanyakazi kule Dubai Investments Park. Mchungaji wetu alikuwa mlinzi wa ghala. Alipenda sana wahubiri wa Amerika, na kila tulipokutana aliwaombea wanasiasa wahafidhina wa huko, kwa sababu wanapinga utoaji mimba na, kama alivyosema, wanaitetea Biblia. Chumba kizima kiliitikia amina.

Siku moja baada ya maombi alizungusha simu yake. "Tazameni wapinzani wao wanavyowafanyia fujo watu wa Mungu," akasema.

Simu ilipofika kwangu nilimwona mzee wa suti, amesimama mbele ya bodi ya shule. "Binti yangu alifundisha kilichotokea," alikuwa akisema. "Babu yangu alikishuhudia." Kipaza sauti kikazimwa. Akaendelea kusema bila hicho kipaza sauti. Polisi wakamshika, mmoja akaukunja mkono wake nyuma, na mzee akaanguka kati ya viti. Ukumbini mtu akapiga makofi. Chumbani kwetu watu wakacheka.

"Huyo ni baba yake madam wangu," nikasema.

Kicheko kikakatika. "Una uhakika, dada?" mchungaji akauliza.

"Namjua. Ni shemasi."

"Shemasi wa kweli hashindani na mamlaka."

"Mchungaji, hata wewe ungeangushwa pale. Wangeiona ngozi yako kabla hujawaambia umeokoka."

"Usituletee siasa mahali pa ibada."

"Imeletwa na simu yako," nikasema. Nikachukua mkoba wangu nikatoka, na hakuna aliyenifuata.

Nilimkuta madam ameketi sakafuni jikoni, simu mapajani. Mzee alikuwa amevunjika nyonga. Nilimfungia mizigo huku yeye akitembea chumba hadi chumba akisahau alichokuwa akitafuta. Alipofika kwao alimkuta baba yake angali hai, lakini mapafu yakajaa maji hospitalini, na mzee hakutoka tena. Polisi wakachunguzana wenyewe, wakatangaza kwamba hakuna aliyekosea. Bodi ilipokutana tena walianza kwa sala. Haya madam aliniambia kwa simu, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo.

Hakurudi Dubai. Mumewe alifunga nyumba akamfuata, nami nikapata kazi kwa familia nyingine, mtaa wa pili. Madam mpya hakuwahi kuniuliza ninatoka wapi. Ushirika niliuacha. Mchungaji alinitumia ujumbe kwamba wananiombea, sikumjibu.

Uchaguzi ulipofika, madam aligombea kiti katika bodi ileile. Alishindwa vibaya. "Walionipa kura ni wale waliokuja kumzika baba," aliniambia.

Sasa anakaa katika nyumba ya mzee, na Jumamosi anawafundisha watoto historia katika chumba cha chini cha kanisa. Mara ya mwisho tulipozungumza alisema gari la polisi hupita nje taratibu kila darasa linapoanza, na baadhi ya wazazi wameshawatoa watoto wao. Nilimuuliza kama anaogopa.

"Ndiyo," akasema. "Kila Jumamosi."