Cheti cha Kiingereza, kitabu cha Kigujarati

Saa moja na robo asubuhi, mlango wa bati wa ghala la Chandulal mjini Dodoma umekwisha funguliwa, na harufu ya ngozi zilizotiwa chumvi imefika hadi barabarani. Yotham Yoramu anasogeza jiwe la mizani kwa kidole kimoja, anangoja mkono wa mizani utulie, kisha anasoma kwa sauti.

"Ratili kumi na nane na nusu."

"Mbukwa, karani wa ngozi!" anamsalimu kwa Kigogo Bartolomayo, mchukuzi wa ghala, huku akiishusha ngozi hiyo kutoka mizanini. "Hiyo nusu ni mkia au ni elimu?"

Yotham anachukua kalamu. Anafungua daftari refu lenye jalada jekundu, anaandika jina la muuzaji, uzito na bei. Haandiki kwa Kiingereza alichosomeshwa wala kwa Kiswahili anachozungumza. Kijana huyu wa Kigogo mwenye umri wa miaka 24, mzaliwa wa Gulwe, anaandika kwa Kigujarati.

Akiulizwa kazi yake ni ipi, anakuna shingo. "Nilisomea kitu kimoja, nikajifunza cha pili, ninafanya cha tatu," anasema. "Ukitaka jibu fupi, sinalo."

Alichosomea ni utunzaji wa vitabu vya hesabu. Alihitimu mwishoni mwa mwaka 1950 baada ya kozi ya miaka miwili Dar es Salaam, katika darasa la vijana kumi na wanne. Kwa habari alizo nazo, ni watatu tu wanaofanya kazi waliyoisomea. Mmoja wa waliobaki anaendesha lori Chemba. Wengine hajui waliko.

Baba yake, Mzee Yoramu, kibarua wa njia ya reli, aliuza ng'ombe saba kulipia masomo hayo. Anapofika mjini hupita ghalani, husimama mlangoni, hutazama mizani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Ng'ombe wangu walikwenda shule wazima," husema mzee, "na leo wewe unapima ngozi zao."

Kazi ya kwanza ya Yotham ilikuwa Kongwa, kwenye mradi wa karanga, na aliipata wakati mradi wenyewe unafungwa. Alipewa kuorodhesha vifaa vya ghala moja. Kila alipomaliza rafu, rafu ile ilibebwa ikaenda kuuzwa. Miezi minne baadaye hakikubaki cha kuorodheshwa, na mworodheshaji naye akaagwa. Msimamizi wake alikwisha safiri kwao kabla ya kumwandikia barua ya utumishi.

Ndipo alipoanza kuomba kazi. Aliandika barua kumi na tisa, akajibiwa sita. Reli aliwaambia kwamba tangu utotoni hakuwaza kitu kingine ila reli. Posta aliwaambia vivyo hivyo kuhusu posta. Misheni aliwaeleza wito wake. "Ikafika mahali naletewa jibu, wananishukuru kwa mapenzi yangu, na mimi sikumbuki niliwaambia napenda nini," anasema.

Majibu yote sita yalidai jambo moja: uzoefu. Ili aupate, alipaswa kuajiriwa. Na ili aajiriwe, alipaswa kuwa nao.

Katikati ya mwaka 1952 aliingia dukani kwa Chandulal, mfanyabiashara wa ngozi na nta aliyezaliwa mji huu huu, akaweka cheti juu ya meza. Chandulal alikigeuza mbele na nyuma.

"Cheti kizuri," akasema. "Vitabu vyangu unaweza kuvisoma?"

Akamfungulia daftari jekundu. Yotham anasema alitazama ukurasa ule kwa muda mrefu, akitafuta hata tarakimu moja anayoifahamu. Hakuiona. Miaka miwili ya masomo ilisimama mbele ya kitabu cha hesabu kama mtu asiyejua kusoma.

"Basi shika mizani," Chandulal akamwambia. "Mizani haina kabila."

Mshahara ulikuwa shilingi sitini kwa mwezi. Aliyebadilisha mambo ni Lalita, dada mkubwa wa Chandulal, mjane anayeandika vitabu vya duka. Macho yake yalikuwa yakipungua nguvu, na kijana wa mizani alikuwa akimsomea uzito polepole, bila kurudia. Akaanza kumfundisha kila adhuhuri, duka likifungwa kwa chakula. Tarakimu kwanza, kisha majina ya wauzaji.

"Hii ni herufi au ni panzi aliyekanyagwa?" Lalita humwuliza mpaka leo.

"Ni herufi, mama."

"Maskini panzi."

Baada ya miezi saba Yotham aliachiwa ukurasa wa ngozi. Sasa ni mwaka mmoja na miezi miwili anaandika kurasa zote za manunuzi, na Lalita anakagua mwisho wa mwezi. Mshahara wake umebaki wa mtu wa mizani.

Wiki tatu zilizopita barua ya ishirini ilijibiwa. Ofisi ya hazina ya utawala wa wenyeji huko Mpwapwa inataka karani wa hesabu, kwa shilingi mia moja na thelathini na chumba cha kulala. Yotham ameitwa kwenye usaili Jumamosi hii. Aje na cheti, pamoja na barua ya mwajiri kuthibitisha kwamba ametunza vitabu.

Tangu hapo hapati utulivu. Baba yake anasema Mpwapwa ni kupoteza wakati, asubiri reli. Bartolomayo anasema abaki, maana tajiri unayemjua ni bora kuliko bwana mkubwa usiyemjua. Seth, mwenzake wa darasani ambaye ni mmoja wa wale watatu waliofanikiwa, amemshauri asitaje ngozi kabisa.

"Sema ulikuwa ofisini," Seth alimwambia.

"Wakinusa je?"

"Oga."

Yotham anasimulia hayo bila kucheka. "Kila mtu ameniwekea akili yake kichwani," anasema. "Yangu imekosa pa kukaa."

Jumanne alijikaza, akamwomba Chandulal barua. Mfanyabiashara huyo aliweka kalamu chini.

"Dada yangu amekufundisha ili uondoke?"

"Sijui kama ninaondoka, bwana."

"Hujui, lakini unataka barua."

"Ndiyo, bwana."

Chandulal akamwambia kwamba akibaki atalipwa tisini na tano na atapewa vitabu vyote. Papo hapo akavuta karatasi, akaandika mistari michache, akapiga muhuri wa duka, akamkabidhi. Yotham aliitazama. Ilikuwa ya Kigujarati.

"Kiingereza changu ni cha kukata tiketi tu," Chandulal anaeleza. "Jambo la kweli naandika kwa lugha ninayoijua."

Ofisi ya Mpwapwa haijui lugha hiyo. Mtu pekee ambaye Yotham anamfahamu, anayesoma Kigujarati na kuandika Kiingereza, ni Yotham mwenyewe. Aliketi akaitafsiri, akampelekea Seth. Seth aliuliza swali moja: nani ataamini tafsiri ya sifa iliyofanywa na msifiwa?

Barua yenyewe ina mistari minne. Inasema kijana huyu alianza na mizani akafika kwenye vitabu. Inasema mwandiko wake ni mbaya sana. Inasema katika miezi kumi na minne hajakosea hesabu hata moja. Inamalizia kwamba watakaomchukua watafute pia mtu wa kupima, maana yeye alikuwa akifanya kazi za watu wawili.

Katika tafsiri yake, Yotham hakuuondoa mstari wa mwandiko, ingawa hakuna ambaye angejua. "Umeandikwa," anasema tu.

Jana aliichana tafsiri. Ijumaa atapanda treni hadi Gulwe, na Jumamosi alfajiri atashika njia ya Mpwapwa akiwa na cheti na barua ya Chandulal kama ilivyo. Mpango wake ni kuwaomba wakubwa wa usaili wamtume tarishi madukani, amwite mwenye duka yeyote anayesoma Kigujarati, wanayemtaka wao, aje awasomee.

Kama atakubaliwa, hajui atamwambia nini Chandulal. Kama atakataliwa, hajui kama zile tisini na tano zitakuwa bado zinamngoja Jumatatu. Chandulal hajasema, naye hajathubutu kuuliza.

"Hilo moja tu nimelipanga," anasema Yotham. "Asome mtu mwingine, kwa sauti, mbele yangu. Akifika pale kwenye mwandiko, nitatazama chini. Akifika pale kwenye hesabu, nitainua kichwa."