Kanzu Juu ya Tenga

Tajiri wangu wa Al Wukair, huku Arabuni, akipata wageni, chetezo cha udi huzungushwa ukumbini, na moshi wake hunifuata mpaka garini ninapomngojea. Gari si langu, lakini moshi hauulizi.

Hapo hukumbuka Ijumaa moja ya utotoni. Mama alitia makaa na udi kwenye chetezo, akafunika tenga juu yake, akaitandaza kanzu ya baba. Baba alikuwa Arabuni kazini, sura yake nikiijua kwa picha.

"Mama, nani ataivaa?"

"Mwenyewe."

"Anakuja leo?"

"Shika mkono huo wa kanzu, usije ukagusa chini."

Nikaushika. Ulikuwa wa moto, kama mkono wa mtu mwenye homa. Kanzu ilipokolea harufu, mama aliikunja, akairudisha kabatini, tukaenda kula. Ijumaa iliyofuata akaitoa tena.

Leo, wageni wakiwa ndani, nilipiga simu nyumbani. Mke wangu alipokea huku akikohoa.

"Subiri kidogo," alisema. "Nageuza kanzu yako isije ikaungua."