Nani Amfuate Nani Kwenye Miamba ya Manga

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuwapanga watu wa nyumbani kwa kuangalia nguvu zao tu. Nilikuwa nimejifunza kupanda milima peke yangu, kwa video za simu na kwa kuzungukazunguka vilima vya karibu na Kebirigo, na mahali fulani nilisikia kwamba kwenye mwinuko mkali mwenye nguvu humfuata mwenye wasiwasi, ili amdake akiteleza. Nililishika hilo kama amri. Siku tuliyopanda mlima wa Manga nilimtanguliza mke wa kaka yangu, nikamweka baba nyuma yake, mimi nikamfuata baba, na kaka akaja mwisho na mizigo.

Safari yenyewe ilikuwa ya baba. Daktari alikuwa amemwambia kwamba goti lake la kulia linaisha, na kwamba haitachukua muda kabla hajahitaji mkongojo hata kwenda kwenye shamba la chai. Hakulalamika. Alisema tu angependa kufika juu ya Manga mara moja zaidi, aone ziwa kule mbali kama alivyoliona ujanani.

Mimi ni mtu wa kuogopa. Nikikabidhiwa jambo kama hilo usingizi hunipotea mpaka niligeuze kila upande. Nilichagua Jumapili, kwa kuwa Jumamosi kwetu ni Sabato na hakuna ambaye angetoka. Nilichagua asubuhi kwa sababu mvua yetu hupenda alasiri, na mwamba ukilowa huwa kama sabuni. Nilitangulia kwenda kumwomba ruhusa mama mmoja ambaye njia inapita kando ya shamba lake, nikamwahidi kwamba hatutakanyaga chai wala kuacha takataka. Nilikagua soli za viatu vya kila mtu, hata vya kaka, aliyeniuliza kama ninataka kuvinunua. Nikaona nimemaliza.

Kwenye miamba njia inakuwa kama ngazi iliyovunjika, na mikono inafanya kazi zaidi kuliko miguu. Shemeji alifika hapo akasimama. Nilimwambia asiogope, baba yuko nyuma yake. Baba naye aligeuza uso akatazama bonde, kana kwamba kuna kitu kimemdondoka kule chini. Nikarudia kwa sauti zaidi kwamba akiteleza baba atamshika. Shemeji akakaza gauni lake, akapanda kidogo, mguu ukateleza. Baba alinyoosha mkono, kisha akaurudisha. Shemeji alijishikilia mwenyewe, akakwaruzika kiwiko.

“Goti limekataa,” baba akasema. “Nyinyi endeleni. Mimi nitakaa hapa.”

Nilimwamini. Tuliteremka wote, na jioni nikatangaza jikoni kwamba mlima umekwisha, baba hawezi tena. Mama alikuwa akimenya ndizi, shemeji akipuliza moto. Mama akaniuliza nani alikuwa amemfuata nani. Nikamweleza mpango wangu wote, na lazima nikiri kwamba niliueleza kwa fahari. Akaweka kisu chini.

“Ulitaka baba mkwe ainue macho aone nini?”

Shemeji alijifunika uso kwa leso, na mabega yakaanza kutikisika kwa kicheko. Mimi nilitamani kuingia chini ya meza.

Si kwamba sikujua. Sisi Wakisii tuna ensoni, ile staha kati ya mzazi na mtoto na kati ya mkwe na mkwe. Baba hajawahi kuingia nyumba ya kaka yangu tangu kaka aoe. Hupitisha ujumbe akiwa uani. Nililijua hilo tangu utotoni. Ila nilidhani mlimani usalama unafuta mengine yote. Mama aliniambia pia kwamba hata mimi sikuwa mahali pangu: mtoto gani wa kiume atamsukuma baba yake kiunoni? Halafu akasema kama nataka mumewe afike, nimtafutie mtu wa rika lake.

Mtu huyo alikuwa jirani yetu, mzee aliyetahiriwa pamoja na baba msimu mmoja. Kati yao hakuna neno lisilosemeka. Alikubali kabla sijamaliza kuomba.

Mara ya pili, mimi, kaka na shemeji tulitangulia mbali, tukapita kona ya mwisho ili wazee wakifika kwenye miamba tusiwaone wala wasituone. Kwangu hiyo ilikuwa sehemu ngumu kuliko mwamba wenyewe. Nilibaki na masikio tu.

“Inua tako hilo,” tulimsikia jirani. “Nimebeba magunia mepesi kuliko wewe.”

“Sukuma,” baba akajibu. “Wewe ukiona jembe huwa unakohoa, leo mlimani umepona?”

Wakacheka. Kisha sauti zikakatika. Nikasikia jiwe likibingirika, halafu kimya. Niliinuka.

“Kaa chini, shemeji,” mke wa kaka akasema. “Ukienda kuchungulia, goti litakataa tena.”

Nilikaa. Upande wa pili wa kilele kulikuwa na watu waliopanda kusali, nasi tuliongea kwa kunong'ona ili tusiwasumbue. Hatimaye ikaonekana kofia ya baba, kisha uso, kisha suruali iliyojaa matope magotini. Jirani alikuwa nyuma, bado amemshika mkanda. Shemeji akahamia kwenye jiwe la mbali, akamimina chai, akanipa mimi niwapelekee.

Magharibi kulikuwa na mstari mweupe.

“Hilo ni wingu,” jirani alisema.

“Ni ziwa,” baba akasema. “Wingu halitulii hivyo.”

Walibishana mpaka chai ikaisha. Baba alikaa amenyoosha mguu mbaya, hakutaka kuondoka, na mimi ndiye niliyelazimika kusema kwamba mvua itatukuta kwenye miamba.

Sasa baba anatembea kwa mkongojo na hatapanda tena. Mimi bado ninapanga safari za watu, na bado nina wasiwasi. Kilichobadilika ni kwamba kabla ya kukagua viatu ninauliza kwanza nani anaweza kumshika nani, na penye miamba siku hizi ninaweza kukaa nyuma ya kona bila kuchungulia.