Miguu Iliyogoma

Dada wa afya alipiga hodi kwa mdomo tu, bila kugusa mlango wetu. Tangu baba alazwe kwa homa ile mpya, ambayo mtaani iliitwa "hiyo" tu, alikuja kila asubuhi kutupima joto. Alisimama nje ya kizingiti, barakoa usoni, buti za mvua miguuni, mikono imekunjamana kwa kunawa dawa kila nyumba, kama ya mtu aliyefua kutwa. Aliuliza, "Mmeamkaje?" kisha akainamisha kichwa upande, akisikiliza vifua vyetu kuliko majibu. Mama akisema, "Karibu ndani, mwanangu," yeye alijibu, "Nimeshakaribia, mama, ila miguu imegoma." Siku za mwanzo tulicheka. Baadaye mama akanuna, na mama akinuna hata kuku wanajua. "Kwani nyumba yangu inanuka?" Dada alishusha macho, akampima anayefuata.

Siku ya mwisho ya uangalizi alituelekezea kipimajoto mmoja mmoja, akakisoma, akakizima. "Mko salama wote. Na baba anaendelea vizuri." Mama alishika kifua, akashukuru; lakini neno "karibu" hakulisema. Alishachoka kukataliwa. Tukangoja dada aage aende zake. Hakuondoka. Alivua barakoa, na ndipo tukajua kumbe ana mwanya. Akainama, akavua buti moja, kisha ya pili, akasimama pale kizingitini, peku. "Mama," akasema, "leo hunikaribishi?"