Hanneke Asiyeaga

Hanneke hakuwa mtu wa kuaga. Angekaa nawe meza moja siku tano, mkala pamoja, mkacheka hadi mbavu ziume, akakusimulia mpaka ugomvi wa mama yake na majirani wa kule Zwolle. Kisha unaamka asubuhi unakuta kitanda chake kitupu, shuka limekunjwa, mtu kashatokomea. Mchezo huo aliuanza usichanani, katika safari yake ya kwanza, mama yake alipomng'ang'ania stesheni huku analia kwa sauti na watu wanatazama. Tangu siku hiyo aliapa hakuna atakayemliza tena kando ya treni. Na kusema kweli, wasafiri wa mashanta, wale wanaozunguka Ulaya na begi zito mgongoni na kulala katika vyumba vya vitanda vya juu na chini, hawakumwona wa ajabu. Wengi wao huondoka hivyohivyo. Hosteli si kwa mama.

Kiangazi alifunga maboksi ya maua kwenye ghala la kwao, na mvua za vuli zikianza anajitwika shanta na kwenda zake, peke yake kila mara. Alikuwa amepita thelathini. Simu yake ilijaa marafiki wasio na majina ya ukoo: Jakub wa Krakow, Ane wa Bilbao, Petra wa Ghent. Ungemwuliza kama Jakub yu hai angekukodolea macho. Alimpenda Jakub wiki moja, na wiki iliisha. Yeye aliuita uhuru, na mimi sibishani na mtu juu ya maisha yake, ila uhuru wa namna ile kuna siku humwangukia mtu mwingine.

Mtu huyo aliitwa Nuala. Hanneke alimkuta mjini Porto, amekaa kwenye ngazi za mawe zinazopanda kutoka mtoni, mvua inamnyeshea, shanta limemvuta nyuma kama kobe aliyepinduliwa. Ubavuni mwa shanta lilining'inia birika dogo la chai.

"Usinisaidie," Nuala alisema akihema. "Niache nife hapahapa, angalau mto unaonekana vizuri."

"Ukifia hapa utawazibia watu njia," Hanneke akamjibu, akamvuta mkono. "Na hilo birika ni la nini, bibi wee? Unahamia?"

"Chai ya watu wa huku siiamini."

Basi urafiki ukaanzia hapo. Nuala alikuwa mjane kutoka Cork, miaka sitini na ushee, na hiyo ndiyo mara yake ya kwanza kusafiri bila mtu ubavuni. Alikuwa na mdomo, Mungu anisamehe. Aliongea akila, aliongea akipanda vilima pumzi zimemwishia, aliongea hata usingizini, akimgombeza marehemu mumewe Fintan kwa kuacha mlango wa banda wazi. Wageni wengine chumbani walivuta mito wakaziba masikio. Hanneke, ambaye huwachoka watu upesi, huyu hakumchoka.

Walizunguka mji pamoja. Waliingia stesheni ile ya kuta za vigae vya buluu, Nuala akaviangalia mpaka shingo ikakaza. Walikunywa supu ya sukuma na viazi kwenye kibanda cha mama mmoja mkali, wakala bacalhau, ng'onda wa huko, wakavuka kwenda ng'ambo kwenye maghala ya mvinyo, na Nuala akaonja mpaka akaanza kuwaimbia Wajerumani. Siku hiyo, wakirudi juu ya daraja la chuma, alisimama ghafla, akashika ukingo, akanyamaza. Hanneke alishtuka, maana kunyamaza hakukuwa kazi ya Nuala.

"Kichwa kinauma?"

"Kidogo. Ni ule mvinyo. Hanneke, nikwambie kitu usinicheke."

"Nitacheka. Sema."

"Fintan alianguka barabarani, kaenda kununua gazeti. Watu wakawa wanampita, wanadhani mlevi. Na mimi niko jikoni nanung'unika, chai inapoa." Alipangusa pua kwa kiganja. "Kufa siogopi. Naogopa kulala mahali, watu wananipita. Mji huu mzima hakuna anayenijua ila wewe. Siku usiponiona, nitafute."

"Wewe upotee? Mtu na birika lake? Tutakusikia kabla hatujakuona."

"Niahidi, mwanangu."

"Haya, nimeahidi. Nitakutafuta hadi uvunguni."

Wakacheka. Wakapatana kwamba kesho yake baada ya chai watakwenda Foz, mto unapoingia baharini, wakatazame mawimbi yanavyopiga mnara wa taa.

Asubuhi Hanneke aliamka akakuta kitanda cha chini kitupu. Blanketi limekunjwa, taulo halipo msumarini, shanta halipo ukutani. Alikitazama kitanda kile kwa muda. Yeye mwenyewe alikuwa amewaachia watu vitanda vya namna hiyo kila mji, na hakuna siku aliyojiuliza vinaonekanaje kwa anayebaki. Vilionekana vibaya. Akakasirika. Akamtumia Nuala ujumbe wa neno moja, "Umeniweza," na ulipokosa jibu akaitupa simu kitandani. Foz alikwenda peke yake. Mawimbi hayakumfurahisha.

Kesho yake mwenye hosteli alimkuta anapaka mkate siagi jikoni. Dona Lurdes alikuwa mwanamke mnene mwenye haraka, aliyezaliwa mtaa uleule na kuwaona majirani zake wote wakihama mmoja mmoja, nyumba zao zikigeuka za wageni. Siku hiyo alikuwa na simu mkononi, ameiziba kwa kiganja.

"Menina, binti yangu, yule rafiki yako wa Ireland yupo au kaondoka? Muda wake uliisha jana."

"Kaondoka."

"Kakuaga?"

"Sisi hatuagani, Dona Lurdes. Kitanda kitupu, shanta halipo. Nani atakaa kuandikiana barua?"

"Nauliza kwa sababu hawa ni watu wa hospitali, wanapigia hosteli zote. Wana mama mmoja wa makamo, kaanguka, mgeni, hana kitambulisho. Haongei hata neno."

Hapo ndipo ilipokuwa nafasi, na Hanneke alikuwa bado amenuna. Kisu cha siagi mkononi, akatoa kicheko kifupi.

"Haongei? Basi si wetu. Wetu hanyamazi hata akilala."

Dona Lurdes naye akacheka, maana kelele za Nuala alizisikia hata yeye kutoka orofa ya chini. Akaondoa kiganja kwenye simu. "Hapana, bwana," akasema, "kwetu hakuna aliyepotea." Jioni ile kwenye kitanda cha chini akamlaza mwanafunzi kutoka Lyon.

Hanneke alikaa siku chache zaidi, hana raha, halafu akaamua kuondoka kwa mtindo wake. Alfajiri alishuka ngazi viatu mkononi, akafungua stoo iliyo chini ya ngazi achukue mwavuli wake. Nyuma ya ndoo na mifagio kulikuwa na shanta. Birika lilining'inia ubavuni.

Ukutani mle hostelini kulikuwa na tangazo la kuwaomba wageni wasiache mizigo mikubwa chumbani, watu wanajikwaa. Kila mtu alilipita. Nuala, mtu wa adabu, alilitii, akalikokota shanta lake hadi chini usiku wa mwisho bila kumsumbua mtu.

Hanneke aliketi sakafuni katikati ya mifagio. Kisha akaanza kupiga kelele akimwita Dona Lurdes.

Hospitali iko juu ya kilima, na wawili wale walikipanda mbiombio, Dona Lurdes na gauni lake la kulalia chini ya koti. Wodini alitoka muuguzi kijana mwenye macho ya kuchoka. Akawaeleza. Mama yule alihudhuria misa ya kwanza kwenye kanisa kuu, akatoka, kiharusi kikampiga ngazini. Alikaa pale kwa muda kabla ya mtu kusimama. Mvua ilikuwa kubwa na watu wameinamisha vichwa. Simu yake ilivunjika. Upande wa kulia umekufa, na sauti haitoki.

"Lakini anasikia?" Hanneke akauliza.

"Anasikia vizuri. Anaelewa kila kitu." Muuguzi aliutazama mlango wa wodi. "Siku za mwanzo, kila mlango ukifunguka alikuwa anageuza shingo. Nikamhurumia. Nikaona ni haki yake kujua, nikamwambia tumepiga simu kila hosteli, na zote zimesema hawakupotelewa na mtu. Tangu hapo hageuki tena."

Dona Lurdes alijifunika uso kwa mikono. Hanneke akaingia.

Nuala alikuwa mdogo kitandani, mdogo kuliko alivyomkumbuka, uso umeelekea ukutani. Mlango ulilia, hakutikisika.

"Nuala. Ni mimi."

Alizunguka kitanda, akapiga magoti mahali ambapo jicho lile zima lingemwona. Jicho lilimtazama, likamtambua, kabisa lilimtambua. Halafu likafumba.

Alikaa pale kutwa. Treni yake iliondoka bila yeye. Alimwambia Nuala kwamba hospitali imempata binti yake, anakuja kutoka Cork. Alimwambia juu ya birika, juu ya stoo, juu ya yale maneno aliyoyasema jikoni, yote, hakuficha. Alilia kwa sauti kama mama yake alivyolia stesheni, na wagonjwa wa vitanda vya jirani wakatazama. Nuala hakufumbua jicho.

Jioni muuguzi alikuja akamgusa bega. "Saa za kutazama wagonjwa zimekwisha. Muage mama, utarudi kesho."

Hanneke akainama, akaushika ule mkono wa kushoto uliokuwa bado na uhai.

"Kwaheri, Nuala," akasema. "Nitakuja kesho. Nakuahidi."

Mkono ukajitoa taratibu, ukarudi chini ya shuka.