Kilosa Ni Nyuma

Majina ya watu wote wa habari hii ninayo kichwani, hata la yule dereva wa lori, lakini sitayaandika. Wenyewe wapo, na mjukuu wangu amenikataza.

Nilikuwa uani hapa Mabwerebwere napepeta mchele, nikamsikia chumbani anasema, "Yuko nyuma yangu. Simwoni. Ananimaliza huyu." Ungo ulinitoka mikononi. Niliingia na mwiko, maana ndio uliokuwa karibu. Nikamkuta peke yake mbele ya kompyuta, na kwenye kioo ndege inaanguka huku inawaka moto.

"Nani yuko nyuma yako?"

"Ni gemu, bibi. Ndege za vita."

"Mbona unalia?"

"Silii."

Alikuwa analia.

Huyu ni mtoto wa marehemu mwanangu, nimemlea mimi mpaka akawa mwanamke mzima. Alikuwa anaendesha gari dogo la abiria kati ya Kilosa na Mikumi, na wenzake stendi walimwita dereva mwenye hereni. Mwaka juzi, akiwa karibu kuingia Mikumi, lori lilimgonga kwa nyuma. Hakuliona. Abiria walipona, gari likanyooshwa, yeye akatoka hospitali na shingo isiyogeuka. Daktari alisema mfupa umeshaunga, shingo itageuka tu. Haikugeuka. Ukimwita kwa nyuma alizunguka mwili mzima kama kabati linalohamishwa. Gari likakaa uani chini ya turubai, nami kila nikianua nguo nililikwepa. Niliogopa hatalipanda tena, na niliogopa atalipanda.

Gemu alipewa na kijana wa Morogoro aliyesoma naye, fundi wa kompyuta. Walicheza pamoja kwa mtandao, sauti ya kijana ikitokea kwenye spika.

Nilimwambia, kama ni lazima ucheze, nionyeshe kinachokuua. Akanieleza. Ukiingia kwenye ndege hiyo kama ilivyo, rubani ameketi chini mno, anaona vipimo vya mbele yake na pua ya ndege basi. Adui haji kwa mbele. Kwa hiyo kabla ya kupigana unapanga macho yako. Alikiinua kiti mpaka akaona juu ya pua. Akakirudisha kichwa cha rubani nyuma kidogo ili vioo vya pembeni viingie. Kisha akazigawia kazi namba za kibodi: hii utazame kulia, hii kushoto, hii juu, hii nyuma. Ya nyuma ilimtesa. Akiibonyeza anaona mgongo wa kiti, umeziba kila kitu. Alishinda akikisogeza kichwa cha rubani pembeni, kidogo kidogo, mpaka akaweza kuchungulia kando ya kiti na kuuona mkia.

"Humu shingo yangu inazunguka, bibi," akasema.

Nikavuta kigoda.

Mkono wake mmoja ulishika fimbo ya kurushia, wa pili ulikuwa kwenye kishikio cha kuongezea mafuta, hivyo mimi nikapewa namba. Darasani sikukaa sana, ila namba nazijua.

"Shikamoo bibi," spika ikasema.

"Marahaba. Wewe ndiye unayempeleka mjukuu wangu vitani?"

"Namlinda, bibi."

"Haya, tutaona."

Tuliporuka nilikishika kigoda kama niko huko juu kweli. Mawingu yakapita, kisha yule fundi akasema haraka, "Saa sita yako. Saa sita." Mimi saa sita naijua, jua liko utosini. Nikabonyeza ya juu. Tukawa tunatazama mbingu tupu na jua, huku risasi zinatwanga mkia.

"Bibi, umetazama wapi?"

"Juu. Si kasema saa sita?"

"Saa sita ni nyuma."

"Tangu lini?"

Spika ikakohoa. "Ni saa ya kizungu, bibi. Chukulia umekaa katikati ya saa ya ukutani: sita yao iko chini, nyuma yako."

"Sita yao kwetu ni kumi na mbili. Mngesema kumi na mbili ningejua giza linakuja."

Mjukuu wangu akacheka mpaka akaachia fimbo, na ndege ikaenda kujipigiza mlimani. Muda mrefu sikuwa nimekisikia kicheko hicho. Alipotulia akasema, "Tuache mambo ya saa. Mbele tuite Mikumi. Nyuma tuite Kilosa." Tangu ajali alikuwa hajalitaja jina la Mikumi mbele yangu.

Basi tukawa tunapigana hivyo, nami sikuzoea. Nikibonyeza nyuma na kuiona ndege nyeusi inachomoza kando ya mkia wetu, nilipiga ukelele kwanza. Siku moja ilitokea karibu mno, vidole vikagoma. Nikabaki nasema tu, "Kilosa. Kilosa."

Akageuka. Shingo yake mwenyewe, ya mwilini. Alitazama juu ya bega mpaka nyuma, ambako palikuwa na pazia la mlango basi. Kwenye kioo tulikuwa tunaungua. Hakuna aliyejali.

"Inauma?" nikauliza.

"Inauma." Akageuza tena.

Jumamosi nikakuta turubai limekunjwa. Yuko ndani ya gari, anasogeza kiti mbele, anakirudisha nyuma, anainua kioo cha kutazamia nyuma, anakishusha, vilevile kama alivyofanya kwenye ndege. Nikafungua mlango wa nyuma nikaingia na kanga zangu mbili.

"Bibi, unakwenda wapi?"

"Kulinda mkia."

Njia nzima sikuiona mbele. Niliketi upande upande, shingo yangu ya uzee inalia, natazama tulikotoka. Tulipoingia barabara kuu karibu na Mikumi likatokea lori, dogo kama punje, likakua, likajaza kioo chote cha nyuma.

"Kilosa," nikasema. Sauti ilitoka ndogo, nikadhani hakusikia.

Alitazama kioo, kisha akageuza shingo, akasogea kushoto taratibu. Lori likapita, upepo wake ukalitikisa gari letu na mimi ndani yake.

"Limepita?" akauliza.

"Limepita."

"Kuna lingine?"

Nikatazama. "Lipo. Liko mbali."

"Usiliondolee macho, bibi," akasema, akaongeza mwendo kidogo.